Nyumba Njema Si Mlango: Jumba la Kenyatta ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Leo twapenda kuingia ndani ya nyumba moja ambayo mlango wake wajulikana na watu wengi kuliko mambo yaliyopita ndani yake. Nyumba hiyo ni Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, lililo katikati ya mji wa Nairobi, jirani na Bunge, jirani na Mahakama, jirani na ofisi za Rais. Tangu mwaka wa 1973 limekuwa alama ya mji ule. Na tangu mwaka wa 2019 sura yake imechapwa katika noti zote mpya za Kenya, hata mkulima ambaye hajapata kukanyaga Nairobi hulikunja jumba hilo na kulitia mfukoni.

Lakini kuwa na picha ya nyumba mfukoni si kuwa na nyumba. Novemba 2023 Serikali ya Kenya ilitoa orodha ya mashirika 11 ya umma ambayo ilikusudia kuyabinafsisha, na jumba hili lilikuwamo. Shauri likapelekwa mahakamani, na miongoni mwa walioshtaki kilikuwamo chama cha ODM. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mwaka wa 2023 iliyotegemewa katika jambo hilo ilikuwa batili, kwani wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tena ikasema kwamba jumba lenyewe ni kumbukumbu ya taifa yenye ulinzi wa sheria. Hata hivyo, mwaka wa 2025 ikapitishwa sheria nyingine ya ubinafsishaji. Basi swali limetulizwa tu, halijazikwa. Nalo ni swali lisilowahusu Wakenya peke yao. Kila nchi yetu ina majengo makubwa yaliyojengwa kwa jasho la umma, na kila nchi itaulizwa siku moja: majengo haya ni mali ya nani, nayo yamfaa nani?

Kwanza tutazame asili yake. Kazi ya ujenzi ilianza mwaka wa 1967, wakati uhuru wa Kenya haujatimiza hata miaka minne. Ramani ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Ujenzi, akishirikiana na David Mutiso, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuifuzu kazi hiyo. Waliweka mnara wa mviringo wenye urefu wa mita 105, na ubavuni mwake ukumbi ambao paa lake lapanda na kuchongoka mfano wa nyumba ya msonge. Fikra ile ilikuwa njema: ugeni wa mnara na uenyeji wa msonge vikae katika kiwanja kimoja, mgeni atakayeingia ajue kwamba amefika Afrika, na mwenyeji asijione mgeni kwake.

Hapo mwanzo lilikusudiwa kuwa makao ya chama cha KANU, wala halikukusudiwa kuwa kubwa kiasi kile. Lakini ilipoamuliwa kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zitafanya mkutano wao wa mwaka huko Nairobi mwaka wa 1973, mkutano wa kwanza wa namna hiyo katika Afrika, makao ya chama yakageuka kuwa jumba la dunia. Septemba ya mwaka huo Mzee Jomo Kenyatta akalifungua rasmi.

Hapa ndipo ilipopandwa mbegu ya matata. Nyumba ilijengwa kwa fedha za umma, lakini jina la chama lilikuwa limekwisha kubandikwa juu yake. Siku zile, chama kilipokuwa kimoja na serikali yake moja, watu wengi hawakuona haja ya kuuliza mpaka wa huku na huku uko wapi. Hati ya kiwanja ikaja ikaandikwa kwa jina la chama. Kisha Desemba 1991 Kenya ikarudisha vyama vingi, na Desemba 2002 KANU ikashindwa katika uchaguzi. Ndipo watu wakaamka na kuuliza: je, chama kikitoka madarakani hutoka na nyumba ya watu? Februari 2003 serikali mpya ikalirudisha jumba mikononi mwa umma, na mwaka wa 2004 likaundiwa shirika la serikali la kuliendesha.

Sisi tunaoandika katika gazeti la chama tuna wajibu wa kulisema jambo hili bila ya kumumunya maneno. Chama ni chombo cha watu, na chombo hakimmiliki mwenyewe. Mwananchi aliyetoa kodi yake, au aliyechanga shilingi yake akiambiwa kwamba anajenga taifa, hakuuliza jirani yake ana kadi ya chama gani. Yafaa kila chama kilichopata kutawala peke yake katika nchi zetu kijitazame katika kioo hiki cha Nairobi, kikague hati zilizomo kabatini mwake, na kijiulize zipi zilinunuliwa kwa ada za wanachama na zipi zilijengwa kwa jasho la wote. Ni heshima kurudisha kabla ya kudaiwa; ni aibu kunyang'anywa mbele ya watu.

Lakini hati peke yake haitoshi. Nyumba yaweza kuwa ya umma katika daftari la ardhi, na umma usifaidi kitu. Kwa hiyo tufungue mlango tuingie ndani, tuone kilichonenwa humo na kilichotoka humo.

Septemba 1973, katika mkutano ule wa kwanza, Mkuu wa Benki ya Dunia, Robert McNamara, alitoa hotuba ambayo wanachuoni wa uchumi wanaitaja mpaka leo. Alizungumza juu ya umaskini uliokithiri wa mamilioni ya watu wa vijijini, akaweka shabaha kwamba ifikapo mwaka wa 1985 mazao ya wakulima wadogo yawe yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Maneno yale yalikuwa mazito, wala hatusemi kwamba hayakuwa ya kweli moyoni mwa aliyeyasema. Lakini majuma machache baadaye bei ya mafuta ikapanda ghafula, nchi maskini zikaingia katika madeni, na mwaka wa 1980 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea kutoka Benki hiyohiyo mkopo wenye masharti ya kurekebisha uchumi. Mkulima mdogo aliyetajwa kwa huruma katika ukumbi wa msonge akajikuta, katika miaka iliyofuata, akiambiwa kwamba msaada wa serikali kwake ni gharama ya kupunguzwa.

Mei 1976 ukafuata mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo. Mataifa yetu yalikwenda Nairobi na dai moja kubwa: kwamba mwenye kulima kahawa asiachwe bei yake ichezewe na wasiolima. Mkutano ukakubali mpango juu ya mazao na madini 18, zikiwamo kahawa, chai, pamba na nyuzi ngumu kama za katani, pamoja na kuanzishwa Mfuko wa Pamoja wa kuyategemeza. Hapana mtu wa pwani ya Tanga wala wa milima ya Nyeri asiyehusika na orodha ile. Lakini tazameni mwendo wake: mapatano ya Mfuko yalifikiwa mwaka wa 1980, yakapata nguvu ya sheria Juni 1989, na Julai ya mwaka huohuo wa 1989 utaratibu wa dunia wa kugawana mafungu ya kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Dawa ilifika mlangoni, mgonjwa yu katika kukata roho.

Julai 1985 jumba likapokea mkutano wa tatu wa dunia juu ya wanawake, ulioongozwa na Bibi Margaret Kenyatta. Wakati wajumbe wa serikali wakikaa katika jumba, maelfu ya wanawake wengine walikutana katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaketi majanini na kujadiliana mambo ambayo wajumbe wengine waliona haya kuyataja. Ule ulikuwa mkutano uliozaa. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki walioshika uongozi wa vyama vya hiari na vya sheria katika miaka iliyofuata walitoka pale na moyo mpya. Lakini hata hapo deni halijalipwa lote. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 iliamuru kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Na Septemba 2020, miaka 35 baada ya mkutano ule, Jaji Mkuu wa Kenya alilazimika kumshauri Rais avunje Bunge kwa kuwa halijatunga sheria ya kulitimiza neno hilo. Na Bunge hilo liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katika jumba lenyewe!

Desemba 2015 Shirika la Biashara la Dunia likafanya humo mkutano wake wa kwanza wa mawaziri katika Afrika. Mawaziri wakakubaliana kuziondoa ruzuku ambazo mataifa huwapa wakulima wao ili wauze mazao nje kwa bei ya chini. Hilo lilikuwa jambo la maana kwa mkulima wa Afrika, nasi tunalisifu. Lakini juu ya ahadi kubwa zilizowekwa Doha mwaka wa 2001, walishindwa hata kuandika kwa sauti moja kwamba bado wanazishika. Na Septemba 2023 wakuu wa Afrika wakakutana humo kuzungumza juu ya hali ya hewa, wakatoa Azimio la Nairobi lililotaka, pamoja na mengine, kodi ya dunia juu ya hewa chafu. Azimio lile lingali likingoja wenye viwanda vikubwa walitie maanani.

Msomaji atauliza: je, makosa haya ni ya jumba? La hasha. Ukuta hautungi siasa. Lakini tunayataja ili tusidanganywe na mahesabu mepesi. Wapo wasemao kwamba faida ya jumba kubwa la mikutano ni wageni: hulala hotelini, hupanda teksi, hununua vinyago, huacha fedha za kigeni. Hayo ni kweli, wala mwenye teksi na mwenye kuchonga vinyago hawafai kudharauliwa. Ila nchi isiyotazama zaidi ya hapo hujigeuza mwenye nyumba ya kulala wageni: huwatandikia vitanda wanaokuja kupanga bei ya kahawa yake, asubuhi ikawaandikia risiti, ikawaaga. Mwenyeji wa baraza hana budi kuwa na neno barazani.

Kuna siku moja, kuliko zote, iliyotufundisha thamani ya mlango wa jumba hilo. Desemba 2007 Tume ya Uchaguzi ya Kenya ililifanya kuwa mahali pa kujumlisha kura za Rais. Kwa siku kadhaa nchi nzima, na sisi majirani, tuliutazama ukumbi ule. Tarehe 30 Desemba fujo zikatokea, polisi wakawaondoa watu ukumbini, na matokeo yakatangazwa faraghani mbele ya chombo cha utangazaji cha serikali peke yake. Yaliyofuata yanajulikana: watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Hatusemi kwamba mlango uliofungwa ndio uliowaua. Chuki zile zilikuwa na mizizi mirefu katika ardhi na katika siasa. Tunasema tu kwamba hesabu ya wananchi wote ilianzishwa mbele ya macho yao na kumalizwa nyuma ya migongo yao, na siku ile imani iliyobaki ikatoweka. Ukumbi wa umma ni ule ambao umma unaweza kukaa ndani yake hata saa ile ambayo wakubwa wasingependa uwemo.

Sasa turudi katika hoja ya kuuza. Wanaoitaka si wajinga, na hoja yao yastahili kujibiwa. Wasema serikali si mfanyabiashara. Kwamba jumba la zamani lataka matengenezo ya kila mwaka. Kwamba Kigali walifungua jumba lao jipya mwaka wa 2016 na tangu hapo mikutano mikubwa huenda huko. Na kwamba mtu binafsi mwenye mtaji ataliendesha kwa ustadi zaidi. Katika haya yote lipo la kweli. Lakini dawa haifuati ugonjwa. Mwenye shamba akishindwa kulima mwenyewe huajiri mlimaji mwenye ujuzi, au hukodisha kwa miaka maalumu na kwa mkataba ulio wazi. Hauzi shamba la ukoo kwa sababu jembe limekuwa butu. Kukosa ustadi wa kuendesha huponywa kwa kutafuta mwendeshaji. Na mnunuzi ataka nini? Ataka faida, nayo ni haki yake. Basi atamkodisha ukumbi mwenye kulipa zaidi, na siku ambayo mwenye kulipa zaidi hapendi watu fulani wakutane, hawatakutana. Jengo lililo baina ya Bunge, Mahakama na ofisi ya Rais si duka la kawaida. Ni uwanja wa mbele wa taifa.

Wala tusidhani kwamba sisi wa upande huu wa Namanga tunamcheka jirani. Arusha tunalo jumba letu, lililojengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka wa 1977, nyumba ikabaki bila ya mwenyewe, na mwaka wa 1978 Serikali ya Tanzania ikaunda shirika la kuiendesha kuwa kituo cha mikutano ya kimataifa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya umoja ikawa tupu kwa sababu ya utengano. Lakini kwa kuwa ilibaki mikononi mwa umma, ilipatikana wakati bara letu lilipoihitaji. Humo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilifanya kazi yake mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka wa 2015, na katika mji huohuo wa Arusha, Agosti 2000, yakatiwa saini mapatano ya amani ya Burundi. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeweza kuandika katika vitabu vyake faida ya mambo hayo. Na bado ni faida.

Kwa hiyo tunatoa shauri letu kwa unyenyekevu wa jirani, nasi wenyewe tukilipokea kabla ya kumpa mwingine.

Kwanza, hati. Majumba ya namna hii yawekwe chini ya ulinzi wa sheria kiasi ambacho hapana waziri, wala chama, wala serikali ya siku, itakayoweza kuyauza au kuyaweka rehani bila ya wananchi kuulizwa kwa uwazi na kujibu.

Pili, mlango. Jumba la mikutano na maonyesho lisiwe la wenye tai peke yao. Zitengwe siku katika kila mwaka, kwa ada ndogo, ili vyama vya ushirika vilete kahawa na pamba yao, mafundi wa jua kali walete majiko na mashine zao, na wanafunzi walete walivyovibuni. Fundi wa Gikomba aliye umbali mfupi kutoka katika jumba lile astahili kuona chombo chake kimewekwa mahali ambapo waziri wa biashara wa nchi nyingine atakiona. Huko ndiko kuonyesha kwenye maana.

Tatu, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu za jumba zitangazwe kila mwaka, si mapato tu, bali na madeni ya ofisi za serikali zinazotumia kumbi na kuchelewa kulipa. Tena tungependa daftari la pili, ambalo hatujaliona katika nchi yoyote ya kwetu: daftari la maazimio. Kila mkutano mkubwa unapokwisha, liandikwe katika ukuta wa ukumbi lililoahidiwa, na nani aliyeahidi, na mwaka wa kulitimiza. Mjumbe atakayekuja baadaye kuahidi tena jambo lilelile alisome kwanza la mwenzake wa mwaka wa 1973, na la 1976, na la 1985, kabla ya kupanda jukwaani. Huenda hotuba zikawa fupi zaidi.

Mzee Kenyatta ameketi katika kiwanja cha jumba hilo, sanamu ya shaba, akiwatazama wapitao. Wapitao wengi ni watu wa kawaida: makarani, wachuuzi, wanafunzi, wapiga picha wanaotafuta riziki yao ya siku. Hao ndio waliolijenga jumba kwa kodi zao, na wa pili wao ni watoto wao. Nyumba njema si mlango, lakini kwa hao mlango ndio mwanzo wa yote. Wenye funguo wakumbuke kwamba wamepewa wazitunze, si waziuze.